Mazoezi tiba kwa wazee: maswali tunayoulizwa na familia za Dar es Salaam

Wanaotuuliza mara nyingi si wagonjwa wenyewe. Ni binti anayeishi Kimara na mama yake, mkwe wa Mbagala, mjukuu aliyebaki nyumbani kumwangalia babu. Majibu haya ni yao, na ni ya mzee anayesoma mwenyewe kwenye simu: shikamoo. Hayachukui nafasi ya mtaalamu aliyemwona na kumgusa mgonjwa.

Fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, si ndiyo kuchuliwa?

Kuchua kumo, ila ni sehemu ndogo. Mtaalamu wa fiziotherapia anapima nguvu ya misuli, viungo vinavyojikunja, jinsi mtu anavyosimama bila kuyumba na jinsi anavyotembea. Kisha anapanga mazoezi ya kumrudisha kwenye shughuli zake: kuinuka kitandani, kwenda chooni, kupanda ngazi za baraza. Huduma hii huenda pamoja na nyingine za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, kama tiba kazi (kujifunza upya shughuli za kila siku kama kuvaa na kula), tiba ya kuongea na kumeza, na vifaa saidizi.

Mashine za joto na zile za umeme zinazochezesha misuli zinaweza kutuliza maumivu kwa muda. Hazimfundishi mtu kutembea. Ukiona mzee kila akienda analazwa, anawekewa taa, anapakwa dawa na kurudi nyumbani bila zoezi hata moja la kufanya, uliza kwa nini.

Mama ana miaka 79. Umri huo si apumzike tu?

Hapa ndipo tunapovutana na familia nyingi. Mzee akiugua, nyumba nzima inageuka wahudumu. Maji analetewa, chakula analetewa, anaogeshwa, anavalishwa, na akijaribu kusimama anaambiwa "kaa mama, tutakuletea". Ni heshima, lakini inamlemaza. Misuli ya mzee inanyauka upesi. Hata mzee asiye na ugonjwa wowote akilala kitandani siku kumi mfululizo anaweza kupoteza karibu kilo nzima ya nyama za miguu, na kuirudisha huchukua muda mrefu kuliko siku hizo kumi.

Upande wa pili una habari njema: misuli ya mtu wa miaka 80, hata 90, ikipewa kazi inaongezeka nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na siku tatu au zaidi wafanye yale ya nguvu na ya kutoyumba. Mama wa miaka 79 mwenye presha hataanza na dakika 150. Ataanza kwa kutoka chumbani hadi barazani na kurudi, asubuhi na jioni, kabla jua halijawa kali. Na kazi zake za mikono mwachieni: achambue mchele, akunje nguo zake, amenye vitunguu. Hayo nayo ni mazoezi.

Baba kapata kiharusi na ameruhusiwa kutoka wodini. Tuanze lini?

Kama hali yake imetulia, mlishachelewa kidogo. Kwa kawaida mazoezi huanza akiwa bado wodini. Kabla hamjaondoka hospitali hakikisheni mmepewa tarehe ya kliniki ya fiziotherapia, na mtu mmoja wa familia amefundishwa kumgeuza, kumketisha na kumsimamisha. Mtu huyo awe yule atakayekaa naye kweli. Tumeshuhudia mara nyingi kijana wa kiume akifundishwa kila kitu, halafu kesho yake anarudi kazini na baba anabaki na dada wa kazi ambaye hakuonyeshwa lolote.

Muulizeni pia daktari kuhusu kumeza. Mzee anayekohoa kila akinywa maji au uji baada ya kiharusi anaweza kuwa anapitisha chakula kwenye njia ya hewa, na hapo nimonia haiko mbali. Msimlishe akiwa amelala.

Mkono wake umelegea, na tukimnyanyua analia bega. Tunakosea wapi?

Pengine mnamvuta kwa mkono huo. Mfupa wa juu wa mkono umekaa kwenye kikombe kifupi sana begani, na kinachoushikilia zaidi ni misuli. Misuli ikipooza mfupa unashuka, na kila mvuto unaumiza zaidi. Simama kwenye geti la hospitali yoyote ya mjini hapa uangalie watu wakishuka kwenye bajaji: dereva ana haraka, anashika mkono ulio karibu, mara nyingi ndio huo uliolegea, anavuta. Anakusudia kusaidia.

Fanyeni hivi. Mfungeni mzee kanga au mkanda mpana kiunoni, ndio mshikie hapo. Asogee hadi ukingoni mwa kiti, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, halafu asukume kwa miguu. Anayesaidia asimame upande dhaifu, alizuie goti lisikunjike ghafla. Mkisema "moja, mbili, tatu" mwacheni yeye mwenyewe aseme tatu. Akiwa ameketi, mkono uliopooza uwekwe juu ya mto, usining'inie. Na asishikwe kwapani na kunyanyuliwa.

Mwaka umepita tangu kiharusi. Bado kuna faida?

Ipo. Mabadiliko makubwa huonekana zaidi miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, na ndiyo maana tunahimiza watu wasipoteze muda huo wakisubiri "nguvu zirudi kwanza". Baada ya hapo maendeleo ni ya polepole, lakini mtu aliyekuwa anashikiliwa na watu wawili kwenda chooni anaweza kufika mahali pa kwenda na fimbo peke yake. Hilo ni jambo kubwa kwa nyumba yoyote. Asiache dawa za presha hata akijisikia mzima. Kiharusi cha pili kinaweza kufuta kazi yote ya mwaka.

Tumeambiwa tumpeleke akakandwe kwa maji ya moto na kuchuliwa kienyeji. Tuchanganye?

Kuchua taratibu kwa mafuta ya nazi, na mtu wanayependana, hakuna ubaya, na wazee wengi hupenda kuchuliwa hivyo. Tunachokataa ni mambo matatu. La kwanza ni maji ya moto au chupa ya moto kwenye mguu au mkono wenye ganzi: aliyepata kiharusi au mwenye kisukari cha siku nyingi anaweza kuungua bila kusikia, na kidonda cha kisukari mguuni kina mwisho mbaya. La pili ni kuchua sehemu iliyovunjika au iliyovimba baada ya kuanguka kabla ya picha ya eksirei. La tatu ni kuuchua mguu uliovimba ghafla upande mmoja nyuma ya goti na kigimbi, wenye joto na maumivu. Hapo kunaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Huo ni mguu wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Kweli apasuliwe na uzee ule?

Swali hili linaumiza vichwa vya familia kwa wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo inayomponza bibi. Upasuaji una hatari zake, daktari atawaeleza kulingana na moyo, sukari na damu yake. Lakini kutopasuliwa nako si salama: maana yake ni kulala majuma mengi, na kulala huko kunaleta vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana kwa wazee wengi madaktari wa mifupa hupendelea kupasua mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili.

Baada ya upasuaji msishangae mtaalamu akija kesho yake kumsimamisha. Si ukatili. Ndivyo inavyotakiwa, na dawa ya maumivu apewe kabla.

Ulizeni jambo moja kabla ya kuondoka wodini: amewekewa chuma cha kuunga mfupa, au amebadilishiwa kichwa cha nyonga? Aliyebadilishiwa mara nyingi huambiwa kwa majuma kadhaa asikunje nyonga kupita pembe ya mraba, asikunje nne, asikae chini sana. Katika nyumba zetu "chini sana" ni vitu vingi: kigoda, mkeka, kochi lililobonyea, kiti cha nyuma cha bajaji, na choo cha kuchuchumaa.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Tufanyeje?

Zipo chuma za kukalia zenye tundu ambazo huwekwa juu ya choo, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa tiba. Fundi wa kuchomelea mtaani anaweza kukutengenezea moja kwa vyuma na kiti kilichotobolewa. Mwambie miguu iwe mipana chini na iwe na mipira. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu tunakiona kila mahali. Kinasaidia, ila miguu yake huteleza na kupasuka, kwa hiyo kisitumike na mzee mzito wala pasipo mtu wa kumshikilia. Fundi huyo huyo afunge bomba la kushikia ukutani. Aliingize kwenye tofali kwa saruji; parafujo za kwenye plasta peke yake hazibebi mtu.

Magoti yamesagika, tumeambiwa mafuta yameisha. Kutembea si kutayamaliza kabisa?

Hapana. Goti lililosagika linahitaji misuli ya paja yenye nguvu ili ipokee sehemu ya mzigo. Mtu akiacha kutembea paja linakonda, goti linabeba peke yake, maumivu yanazidi, naye anatembea kidogo zaidi ya jana. Zoezi la kwanza ni jepesi: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka goti liwe limenyooka, kaza paja ukihesabu hadi tano, shusha taratibu. Mara kumi kila mguu. La pili ni kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kutumia mikono, na kama hawezi, aanze na kiti kilichoinuliwa kwa mto mgumu.

Uzito nao useme ukweli wake. Kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Mama akipunguza kilo tano, fanya hesabu mwenyewe. Sindano za gotini na upasuaji wa kubadilisha goti vina nafasi yake, na hata anayekwenda kupasuliwa akiwa na paja imara hupona kwa urahisi zaidi.

Fimbo ashike mkono gani?

Mkono wa upande mzima, kinyume na mguu unaouma. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe kushoto, na iende mbele pamoja na mguu mbovu. Wengi hufanya kinyume. Urefu wake: mzee asimame na viatu, mikono ining'inie, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Bakora nzuri ya babu iliyorithiwa huwa ndefu mno. Ikatwe au ibaki ya kwenda nayo harusini. Mpira wa chini ukiisha ubadilishwe, maana kwenye vigae vilivyolowa fimbo isiyo na mpira ni hatari kuliko kutokuwa na fimbo.

Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu hutangulia kushuka.

Woka au fimbo?

Anayeyumba sana, au aliyetoka kuvunjika nyonga, aanze na woka, ile fremu ya kushikia kwa mikono miwili. Lakini angalieni nyumba kwanza: milango ya chumba cha kupanga ni myembamba, na nje kuna mchanga. Woka ya magurudumu madogo haiendi mchangani. Pimeni mlango kabla ya kununua.

Tutajuaje kama yuko kwenye hatari ya kuanguka?

Wekeni kiti, pimeni mita tatu, washeni saa ya simu. Mzee ainuke, aende hadi alama, ageuke, arudi na kukaa, kwa mwendo wake wa kawaida na fimbo yake kama anayo. Akitumia sekunde 12 au zaidi, apelekwe akapimwe. Aliyewahi kuanguka mwaka huu hahitaji kupimwa kwa saa, apelekwe tu.

Halafu geukieni nyumba. Umeme ukikatika usiku, mzee anafikaje chooni? Taa ya chaji ikae mahali anapofikia bila kuinuka. Ndala zilizolegea zitupwe, avae viatu vyenye mkanda nyuma. Ndoo zisikae njiani. Masika, pale mlangoni panapojaa tope, pawekwe kokoto. Mwulizeni daktari kama dawa ya presha ya kukojoza anaweza kuinywa asubuhi badala ya jioni, na macho yapimwe, kwa kuwa mtoto wa jicho huangusha wazee wengi wanaodhaniwa miguu yao ndiyo mibovu. Akiamka kitandani akae kwanza, achezeshe vifundo vya miguu, kizunguzungu kikiisha ndipo asimame.

Anasikitika kwamba hawezi tena kusujudu.

Kuswali ameketi kunaruhusiwa kwa mgonjwa, na shehe wa msikitini kwake atamweleza vizuri kuliko sisi. Tunachoweza kusema ni kwamba wazee wengi hutupa lengo hilo hilo: nataka kurudi kwenye rukuu na sujudi, au nataka kupiga magoti kanisani. Mwambieni mtaalamu. Zoezi linalopangwa kufuata lengo la mzee hufanywa. Linalotoka kwenye karatasi husahaulika.

Mzee hataki mazoezi. Anasema tunamtesa.

Kwanza hakikisheni si maumivu. Mpeni dawa aliyoandikiwa nusu saa au saa moja kabla. Pili, tazameni kama ana huzuni. Baada ya kiharusi huzuni ni ugonjwa unaotibika, usimwite mvivu. Na kama anasahausahau, msimpe maelezo marefu. "Mama, twende tukaone kuku" inafanya kazi kuliko "fanya zoezi la kutembea mita kumi". Mababa wengine hukubali wakitembezwa hadi kwenye kijiwe cha bao, wakakaa na wenzao, wakarudi. Basi zoezi limekwisha kufanyika.

Maumivu wakati wa zoezi ni dalili mbaya?

Kuvutika na uchovu wa misuli ni kawaida. Maumivu yanayobaki yamezidi hata kesho yake yanasema mlifanya mengi. Punguzeni nusu, msiache. Simamisheni na mwende hospitali kwa maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, maneno kutoeleweka, au mkono kulegea ghafla. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi akiwa amepumzika, siku hiyo hakuna mazoezi, mwoneni daktari.

Yuko kitandani kabisa.

Mgeuzeni kila saa mbili, mchana na usiku, na mwandike zamu kwenye karatasi ukutani maana bila hivyo kila mtu atadhani mwingine amemgeuza. Angalieni visigino, nyonga na sehemu ya juu ya makalio. Ngozi inayobaki nyekundu au nyeusi zaidi baada ya kumgeuza ni mwanzo wa kidonda. Msiisugue. Viungo vyote vikunjwe na kunyooshwa taratibu mara mbili kwa siku. Na akiweza kuketishwa na mito kwa dakika kumi, aketishwe. Anayemgeuza apandishe kitanda au apige goti moja juu ya godoro, asiiname kwa mgongo. Wauguzaji wengi huishia kuwa wagonjwa wetu.

Tumpeleke wapi hapa Dar?

Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Mwananyamala na Temeke zina huduma hii, na kwa mtu wa Gongo la Mboto au Tandika huko ndiko pa kuanzia. Muhimbili, ya Upanga na ya Mloganzila, ndiko waliko wagonjwa wa kiharusi wenye hali ngumu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni ya mifupa, nyonga, magoti na uti wa mgongo. Hospitali ya CCBRT pale Msasani ina utengamao na viungo bandia. Zipo pia kliniki za binafsi nyingi. Ukitaka hospitali kubwa kwa bima au msamaha wa malipo, pita kwanza hospitali ya chini upate barua ya rufaa.

Ushauri wetu: chagueni mahali ambapo mtafika mara nyingi, hata kama si penye jina kubwa. Mzee aliyekaa kwenye foleni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi anafika amechoka, na mara ya nne hatakuja. Kwa walio njia ya Kimara, mwendokasi ni rahisi kwa mwenye fimbo kwa sababu sakafu ya basi iko sawa na kituo, mradi msiende asubuhi na jioni watu wanapojazana.

Gharama je?

Hutofautiana sana, kwa hiyo ulizeni bei ya kila hudhurio na idadi ya mahudhurio kabla ya kuanza. Kama ana kadi ya NHIF, ulizeni kitengo cha bima cha hospitali husika kama fiziotherapia na kifaa anachohitaji vimo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha kwa sera ya serikali. Utambuzi huanzia serikali ya mtaa, na hospitalini mlango ni ofisi ya ustawi wa jamii. Dirisha la wazee lipo, litumieni. Pesa ikiwa ndogo, mwambieni mtaalamu wazi. Anaweza kuwafundisha mazoezi ya wiki mbili na kuwaona mara moja tu kwa kipindi hicho.

Na anayekuja nyumbani?

Anafaa kwa asiyeweza kusafirishwa, na anaona choo na kitanda halisi. Ombeni kuona cheti chake na mwulizeni amesomea wapi. Mtu anayeahidi kumtembeza mzee ndani ya wiki moja, au anayetaka malipo ya mahudhurio yote kwa mkupuo, mwacheni aende.

Siku ya kwanza tubebe nini?

Dawa zote zikiwa kwenye paketi zake, karatasi za wodini, picha za eksirei au za ubongo, na viatu anavyovaa kila siku. Mama avae suruali pana au pajama ndani ya gauni ili goti lionekane bila aibu. Mpeni chai na kitu cha kutafuna kabla, hasa mwenye kisukari. Aje na yule atakayemfanyisha mazoezi nyumbani, na mtu huyo arekodi kwa simu mtaalamu akionyesha. Mwombeni ruhusa, wengi hawakatai.